Barafu ya Mbwa

Msomaji mpendwa, kama wewe ni mwanafunzi wa shule hii, bila shaka umewahi kusikia nikiitwa "Mpishi wa Mbwa". Jina hilo nililipata nikiwa kidato cha pili, nikapanda nalo hadi kidato cha tatu, na sasa hata wasiojua chanzo chake huniita hivyo nikipita. Sikasiriki. Ila nimeona heri nishike kalamu nieleze yaliyotokea, kwa maana hadithi inayozunguka chini ya mwarobaini wakati wa chakula cha mchana siyo yenyewe. Wapo wanaosema eti mama yangu aliwauzia watu chakula cha mbwa. Hilo halikutokea kamwe. Yaliyotokea ni mengine, na hayo pekee yananitosha.

Aliyeishi Voi hahitaji kuelezwa habari za jua. Mwezi wa Februari na wa Machi, kabla mvua ya masika haijaanguka, joto hufika digrii 33 au 34, na mabati ya nyumba hulia ta! ta! utadhani kuna mtu juu ya paa. Upepo ukivuma unaleta vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Ikifika saa nane mchana hata kuku hutembea midomo wazi.

Joto hilo hilo ndilo linalotulisha. Mama huuza barafu. Ana friza moja kubwa ya mtumba aliyoinunua kwa pesa za chama, nayo inakaa sebuleni kama mgeni wa heshima, imefunikwa kitambaa. Hutengeneza barafu za ukwaju, za ubuyu, na za maembe yakiwa msimu. Zamani aliziweka katika vikaratasi vya nailoni, nasi watoto tukaving'ata pembeni na kufyonza. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, Mama akahamia kwenye vikombe vidogo. Kikombe ni shilingi kumi. Tena hugandisha maji matupu kwenye chupa za lita moja, ambazo huziuza shilingi ishirini kwa wauza samaki na wauza soda, na katika mwezi wa Ramadhani kwa majirani Waislamu wanaotaka maji baridi ya kufuturia. Katika friza hiyo hutoka unga, hutoka tokeni za stima, na hutoka pesa yangu ya chakula cha mchana shuleni. Mtaani wanamwita Mama Barafu. Wengi hata jina lake jingine hawalijui.

Sasa nije kwa mbwa. Mbwa wetu anaitwa Wacha. Jina lake kamili ni Wacha Waseme, alilopewa na marehemu Babu kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba ambao sitaki kuuingilia hapa. Jioni Babu alikuwa akisimama uani na kuita kwa sauti, "Wacha Waseme! Wacha Waseme!" na waliokusudiwa huko ng'ambo ya ua walijua wamesemwa. Baadaye jina likafupishwa. Taabu yake ni kwamba watu wakigombana barabarani na mmoja akapaza sauti, "Wacha!" mbwa wetu hutoka mbio kwenda kuona anaitiwa nini. Siku moja alijitokeza katikati ya makanga wawili waliokuwa wamekamatana mashati, akawatikisia mkia. Ugomvi uliishia hapo.

Babu alikuwa bawabu wa usiku, na Wacha alikuwa akienda naye kazini. Babu alipofariki mwaka 2022, mbwa alihamia mlangoni pa Nyanya na mpaka leo hajatoka hapo. Nyanya ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Wacha akibweka mara moja, Nyanya anajua ni mtu wa nyumbani. Akibweka mfululizo, ni mgeni. Akinguruma tu bila kubweka, Nyanya hutafuta fimbo yake. Kwa hiyo nyinyi mnaoniambia "si ni mbwa tu", fahamuni kwamba kwetu ni macho ya mtu.

Jumamosi moja ya Februari 2025 nilikuwa nimetoka kuchota maji. Nilipoingia uani nilimkuta Wacha amelala ubavu kando ya ukuta, pale ambapo kivuli kilikuwa kimekwisha kumhama. Ulimi ulikuwa nje kama soli ya kiatu iliyobanduka. Mate mazito yalimdondoka, ufizi ulikuwa mwekundu kupita kawaida, na alikuwa akihema hata mbavu zikitetemeka. Nikamwita. Alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikamsaliti akaanguka tena. Ndani nikamsikia Nyanya akiuliza, "Mbona mbwa hajibu? Kuna nini huko nje?"

Sikumjibu. Nilimburura mpaka kivulini, nikammwagia maji niliyotoka kuyachota, tumboni, mapajani na kwenye nyayo, kisha nikachukua kifuniko cha sufuria nikaanza kumpepea. Ndugu yangu mdogo akaja naye na kifuniko chake. Tulipepea mpaka mikono ikafa ganzi. Hatimaye Wacha aliinua kichwa, akalamba maji yaliyotuama sakafuni, akalala tena, safari hii akiwa amekunja miguu kama mbwa mzima. Nyanya alikuwa ameshatoka nje kwa kupapasa ukuta. Aliinama akamshika sikio, hakusema neno.

Jumatatu nilimfuata mwalimu wetu wa Bayolojia. Bahati ilikuwa tuko katika mada ya ngozi na jinsi mwili unavyolinda joto lake, kwa hiyo hakuniona mjinga. Alinieleza kuwa mwanadamu ana tezi za jasho mwili mzima, lakini mbwa hana, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema. Hewa inapopita juu ya ulimi na mdomo uliolowa, maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Siku ikiwa ya moto mno, au maji yakikosekana, kuhema hakutoshi. Joto la kawaida la mbwa ni kama digrii 38 na nusu, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mbwa mzee au mnene huelemewa upesi zaidi. "Mpe kivuli," mwalimu akamaliza, "maji mengi, na hata kitu baridi cha kulamba."

Kitu baridi cha kulamba! Nami ninatoka nyumbani kwa Mama Barafu!

Nilianza na barafu ya ukwaju. Wacha aliinusa, akapiga chafya, akanitazama kama mzee aliyetukanwa na mtoto. Kesho yake nikampa barafu ya maji matupu. Aliilamba mara mbili, kisha akaisukuma kwa pua mpaka kwa kuku. Nyanya alipopashwa habari alicheka. "Huyo ni mbwa wa askari," akasema. "Amekula mifupa na babu yako miaka mingapi? Mpe supu!"

Basi nikaenda bucha na shilingi hamsini zangu nikapewa mifupa ya miguu ya ng'ombe. Niliipika kama ninavyoijua supu: kitunguu, saumu, chumvi, na viungo vya paketi. Nilikuwa nimeshaiepua wakati rafiki yangu alipopitia kwetu. Mjomba wake ana duka la dawa za mifugo, naye hushinda huko likizoni. Akanusa.

"Hii ni ya mbwa? Umetia kitunguu?"

"Supu bila kitunguu ni supu gani?"

"Wee, utamuua!"

Ndipo nilipojua kwamba kitunguu na saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Supu ile tuliinywa wenyewe na ugali, na kwa kweli ilikuwa tamu. Kesho yake tulikwenda dukani kwa mjomba, akanitajia mengine nikayaandika nyuma ya daftari la Hisabati: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, karanga za makadamia, na ile sukari ya zailitoli inayotiwa kwenye baadhi ya chingamu na baadhi ya siagi za karanga. Akaniambia pia nisithubutu kumpa mifupa yenyewe ikishapikwa, kwa maana hupasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa matumbo. Lo! Kumbe nilikuwa na hatari nne katika sufuria moja.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilichemsha mifupa katika maji matupu kwa muda wa saa tatu, nikizidisha maji yanapopungua. Nikaiepua, nikaiacha ipoe mpaka mafuta yakaganda juu kama utando wa uji, nikayatoa yote kwa kijiko, kwa sababu mafuta mengi humharibu mbwa tumbo. Nikachuja. Supu iliyobaki ilikuwa hudhurungi, tena ikitikisika kidogo kama yai. Nikaimimina katika kopo dogo la majarini, nikasimamisha karoti katikati. Karoti hiyo ndiyo kijiti. Inasimuliwa kwamba barafu ya kijiti ilizuka kwa bahati mwaka 1905 huko California, wakati mtoto wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson aliposahau nje, usiku wa baridi, kikombe cha kinywaji chenye kijiti cha kukorogea. Huyo hakuwa na mbwa kama wangu, ambaye angemeza barafu pamoja na kijiti.

Nililaza kopo usiku mmoja katika friza. Mchana wa pili nilimpelekea Wacha kopo kama lilivyo. Hamadi! Alilikumbatia kwa miguu yote miwili ya mbele, akalamba bila kupumzika, macho ameyafumba. Baada ya robo saa alifika kwenye karoti, na Nyanya aliyekuwa ndani akaanza kucheka kwa ile sauti ya kruch! kruch! Tangu siku hiyo saa nane ikifika Wacha alikuwa akinisubiri, na ikiwa niko shule, ndugu yangu alimpelekea. Siku nyingine nilibadilisha. Ndizi mbivu iliyopondwa na mala, papai, tikiti lililotolewa mbegu. Papai alilipenda kupita yote, jambo ambalo sikulitarajia kwa mbwa wa bawabu. Kopo moja kwa siku lilitosha, maana hicho si chakula, ni kiburudisho tu.

Na hapa ndipo ninapoanza kuona haya.

Mama sikumwambia. Makopo yangu mawili niliyaficha pembeni kabisa mwa friza, chini ya chupa za maji. Kila siku Wacha alipomaliza nililichukua kopo, nikaliosha kwa sabuni, nikalijaza na kulirudisha mahali pake. Nilijiambia kwamba sabuni imetakasa. Sitadanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiri, nikajua Mama atakataa, na ndiyo sababu sikuuliza.

Mwanzoni mwa Machi mfungo wa Ramadhani ulianza. Huo ndio mwezi wa Mama. Kuanzia saa kumi jioni watu hupanga foleni mlangoni petu, mmoja anataka chupa mbili, mwingine tatu, watoto wanatumwa na vikapu. Mama hununua tokeni za ziada na kulala akiwa amechoka lakini akiimba. Siku ya nne ya mfungo alikuwa amekwenda sokoni kutafuta ukwaju, nami nilikuwa bado shuleni. Aliyeachwa kuuza ni ndugu yangu wa miaka saba.

Akaja jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitenge, mteja wetu tangu friza ilipoingia nyumbani. Alitaka chupa nne. Mtoto hafiki chini ya friza, kwa hiyo yule mama akainama kujitolea mwenyewe. Akainua chupa, akaona kopo lenye karoti imesimama kama mshumaa.

"Na hii nayo ni barafu gani, mwanangu?"

Ndugu yangu, ambaye hajawahi kusema uongo isipokuwa kuhusu sukari, akamjibu kwa fahari, "Ni ya Wacha. Mbwa wetu. Hulamba hapo kila siku!"

Nimeambiwa kwamba yule mama hakugomba. Alizirudisha chupa nne polepole mahali zilipokuwa, akafunga friza, akamshika mtoto kichwa, akaenda zake. Lakini Voi si Nairobi. Saa kumi na mbili jioni hiyo hakuna aliyekuja. Kesho yake hakuna aliyekuja. Na msidhani ni Waislamu peke yao. Watu wa kanisa letu pia walipita mlangoni wakitazama upande wa pili. Wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa wakimwita Mama kwa wimbo walipita wakibweka.

Mama aliupata ukweli kwa ndugu yangu katika muda wa dakika moja. Niliporudi nyumbani friza ilikuwa wazi, makopo yangu mawili yako juu ya meza. Nilitarajia kipigo. Badala yake aliniambia, "Kaa."

Nikakaa.

Alichukua kikombe kimoja cha ukwaju akakiweka mbele yangu. "Hiki ni unga," akasema. Akachukua cha pili. "Hii ni stima." Cha tatu akakisukuma mpaka kikagusa mkono wangu. "Hiki ni wewe. Sasa niambie, ni kipi kati ya hivi nilikupa ruhusa umpe mbwa?"

Nyanya kutoka chumbani akaita, "Mwache mtoto, alikuwa anamsaidia mbwa wa baba yenu."

"Mama, tafadhali," Mama akajibu, na sauti yake ikakatika. Hapo ndipo nilipoona kwamba amekuwa akilia. Heri angenichapa.

Tulimwaga kila kitu. Vikombe arobaini na vitatu, chupa kumi na nane. Piga hesabu mwenyewe. Ni shilingi mia saba na tisini, katika nyumba ambayo pesa yangu ya chakula cha mchana ilikuwa imelipwa nusu. Vilimwagwa uani, ukwaju na ubuyu vikafanya mto mwekundu hadi mlangoni pa Nyanya. Wacha alisimama, akanusa, akapiga chafya, akarudi kulala.

Kesho yake jioni, baada ya watu kufuturu, Mama alinishika mkono tukaenda kwa yule mama wa vitenge. Njiani hakunisemesha. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukapewa uji na kaimati kana kwamba tumealikwa. Mama akaanza kueleza, yule mama akamwinulia kiganja. "Ngoja. Nataka aseme aliyefanya."

Nikasema yote, kuanzia siku ile Wacha alipoanguka ukutani. Nilimweleza habari za jasho na ulimi. Nikamwambia kwamba kopo lilikuwa lile lile na kwamba nilijua. Nilimaliza nikiwa natazama kaimati.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia habari ya mtu aliyemnywesha mbwa. Nikasema la. Akanisimulia kwamba imepokewa katika hadithi za Mtume habari ya msafiri mmoja aliyeshikwa na kiu, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo mbichi kwa kiu. Yule mtu akasema, mbwa huyu amepatwa na yaliyonipata mimi. Akateremka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno ili aweze kupanda, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

"Kwa hiyo kumhurumia mbwa si kosa, mwanangu," akasema. "Lakini umesikia alimnywesha kwa nini? Kwa kiatu chake. Kiatu chake mwenyewe. Hakuchukua kata ya jirani."

Msomaji, mimi nimehubiriwa mara nyingi, kanisani na kwenye gwaride. Maneno mengi huingia sikio hili na kutokea lile. Hayo hayajatoka.

Alitueleza kuwa kwa madhehebu yao chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Friza yenyewe mbwa hakuilamba, alisema, lakini roho za watu zimeshaingia shaka. Mama akasema heri izidi kuliko ipungue. Basi Jumamosi friza ilitolewa uani, mchana kweupe, nami nikaiosha mara saba, moja kwa udongo mwekundu wa Voi, huku majirani wakichungulia juu ya ua na watoto wakinihesabia kwa sauti. "Tano! Bado mbili!" Hapo ndipo jina la Mpishi wa Mbwa lilipozaliwa. Makopo mawili Mama aliyatupa. Yule mama wa vitenge alikuja akasimama mpaka ya saba ikaisha, akaondoka bila kununua kitu. Jumatatu alikuja akanunua chupa mbili, akazibeba mkononi bila kikapu, kupitia barabara kubwa, ili waone. Polepole wengine wakafuata. Wote hawakurudi. Idi ilipofika mwisho wa Machi, Mama alikuwa ameuza kama nusu ya alivyouza mwaka uliotangulia.

Je, na Wacha? Joto halikujua kwamba tumegombana. Nilimtandikia gunia lililoloweshwa, nikahamisha karai lake la maji kila kivuli kilipohama. Lakini saa nane ikifika alikuja kusimama mbele yangu, akatazama mkono wangu, akatazama mlango wa sebuleni. Nilikuwa nikitafuta kiatu changu.

Nilikipata katika somo la Kemia la kidato cha kwanza, ambalo nililikariri kama kasuku bila kujua lina kazi gani duniani. Tulifundishwa kwamba uchafu hushusha kiwango cha kuyeyuka. Maji safi huganda kwenye sufuri, lakini barafu ikichanganywa na chumvi huyeyuka ikiwa chini ya sufuri, na inapoyeyuka hunyonya joto la kila kilicho karibu nayo. Mwalimu wa Kemia alikubali nijaribu katika maabara. Tulitia sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu za barafu iliyopondwa, tukachomeka kipimajoto. Ule mstari ulishuka, ukapita sufuri, ukaendelea mpaka mwisho wa alama zake, digrii 10 chini. Kumbe ndivyo aiskrimu ilivyotengenezwa kabla ya kuwa na friza!

Tangu hapo nina ndoo yangu, iliyokuwa ya rangi. Nanunua kwa Mama chupa mbili za barafu, naziponda ndani ya gunia kwa mchi wa zamani. Natandaza barafu na chumvi ya mawe, nazamisha kopo la supu lenye kifuniko cha kubana hadi shingoni, nafunika kwa gunia, na kila baada ya muda naligeuza. Baada ya kama saa moja supu imeshikana. Mara ya kwanza maji ya chumvi yalipenya kifunikoni nikalazimika kumwaga yote, maana chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa. Sasa nafunga kwa mpira wa baiskeli. Ndoo nayo haikai wazi wala haiachwi ovyo, Wacha asije akaonja maji yake. Chumvi siitupi. Maji yake nayaanika kwenye beseni, jua hili hili linayakausha kwa siku mbili tatu, naikwangua na kuitumia tena. Barafu inatoka katika friza, lakini hakuna kitu cha mbwa kinachoingia humo. Hata kopo na beseni vinalala nje, juu ya paa la banda la kuku.

Mama alitazama kazi hiyo siku nzima ya kwanza bila kusema kitu. Jioni akaniambia, "Chupa ni shilingi ishirini. Kwa kila mtu." Nami sina mapato, kwa hiyo nalipa kwa kuchota maji na kuuza Jumamosi.

Mwaka huu joto limerudi kama kawaida. Wacha amepoteza meno kadhaa, karoti imemshinda, kwa hiyo kijiti chake siku hizi ni kipande cha ndizi. Bado anabweka mara moja kwa mtu wa nyumbani. Wiki iliyopita Mama alinituma nimtafutie deni la mtu fulani katika daftari lake la madeni, lile lenye jalada la bluu. Nikapekua. Kati ya fundi wa baiskeli na mama wa samaki nikakuta, kwa mwandiko wake ule wa kulala, "Wacha, chupa 2, sh. 40." Kando yake, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Akumbushwe."